Umevuta Sigara Miaka Mingi na Sasa Unataka Kuacha: Hatua za Kufuata

Mtu aliyeanza kuvuta akiwa kijana na sasa ana wajukuu huambiwa maneno ya aina mbili. Wapo wanaomwambia aache leo leo, ni suala la nia tu. Wapo wanaomwambia asihangaike, mwili umeshazoea, akiacha ndiyo ataugua. Maneno yote mawili yamewafanya watu wengi waendelee kutembea na pakiti mfukoni. Nia lazima uwe nayo, lakini nia peke yake huchoka siku ya pili saa kumi jioni. Na hilo la kwamba mwili uliozoea moshi hauwezi tena kuishi bila moshi si kweli hata kidogo.

Umri pia si kisingizio. Uingereza, Richard Doll na wenzake walianza mwaka 1951 kuwafuatilia madaktari, wavutaji na wasiovuta, wakaendelea kwa nusu karne. Matokeo ya miaka 50 yalitoka mwaka 2004. Aliyeacha akiwa na miaka 60 alijiongezea wastani wa miaka 3 ya kuishi kuliko mwenzake aliyeendelea. Aliyeacha akiwa na 50 alipata miaka 6, mwenye 40 akapata 9, na mwenye 30 akapata 10, yaani karibu yote ambayo sigara ingemnyang'anya. Kwa hiyo mzee wa miaka 60 anayesoma haya bado ana cha kuokoa, na mtu wa 45 ana kingi.

Ninachokiamini, baada ya kuacha mwenyewe na kuwa karibu na ndugu na majirani walioacha, ni hiki: mvutaji wa miaka mingi ana sigara za aina nyingi. Kuna ya kuamkia, ya baada ya kula, ya foleni, ya kijiweni, ya hasira. Kila moja ina saa yake na mahali pake, na kila moja inataka mpango wake. Anayejiandaa kupambana na "sigara" kwa ujumla hushindwa na ile moja ambayo hakuifikiria.

Kabla ya hatua zenyewe, elewa unashindana na nini. Ukivuta pafu moja, nikotini hufika kwenye ubongo ndani ya sekunde 20 hivi. Inapofika unajisikia umetulia. Lakini kila baada ya kama saa 2 kiasi kilichomo kwenye damu hupungua kwa nusu, ubongo unaanza kudai, na unachokiita utulivu wa sigara inayofuata mara nyingi ni kuondoa tu kero iliyoletwa na ile iliyotangulia. Hiyo ndiyo arosto. Ukiacha, nikotini huisha mwilini ndani ya siku chache, na vurugu ya mwili hutulia ndani ya wiki 2 hadi 4. Kinachobaki ni mazoea ya mkono, mdomo na saa, na hayo huchukua miezi. Mambo haya mawili hayatibiwi kwa njia moja.

HATUA YA 1: Ziandike sigara zako zote kwa wiki moja

Wiki hii usipunguze chochote. Vuta kama kawaida, ila kabla hujawasha andika mambo manne: ni saa ngapi, uko wapi, ulikuwa unafanya nini, na hamu yako ni kubwa kiasi gani, kuanzia 1 hadi 5. Kalamu na kipande cha karatasi ndani ya pakiti vinatosha, au andika kwenye simu. Ni lazima iwe kabla ya kuwasha, kwa sababu ukimaliza kuvuta kila hamu inaonekana ilikuwa ndogo.

Mjomba wangu ni fundi seremala. Alipoandika za kwake tulikuta nyingi za mchana zinafuatana na kitu kimoja: gundi. Akishapaka gundi kwenye maungio ya kiti na kuyakaza kwa kamba, lazima asubiri ishike, na mikono iliyokuwa kazini tangu asubuhi ghafla inakosa la kufanya. Hapo ndipo alipokuwa anawasha. Hamu yenyewe ilikuwa ndogo. Kwenye karatasi aliziandikia 1 au 2. Alichohitaji ni kazi ya dakika kumi. Akaweka jiwe la kunolea na kikopo cha maji pembeni ya meza yake, na kila gundi ilipokuwa inashika yeye ananoa patasi au kisu cha randa. Sigara hizo zikaondoka karibu zote bila ugomvi. Ile ya alfajiri, ambayo kila siku aliiandikia 5, ilikuwa habari nyingine kabisa, na kwa hiyo alihitaji dawa.

Karatasi yako itakuonyesha mgawanyo kama huo. Zenye 1 na 2 ni za mazoea. Zitaondoka ukiupa mkono au mdomo kazi nyingine. Zenye 4 na 5 ni za nikotini. Angalia pia unawasha ya kwanza muda gani baada ya kuamka. Kama ni ndani ya nusu saa, mwili wako umefungwa na nikotini sana, na hatua ya 3 inakuhusu moja kwa moja. Kama ni ndani ya dakika 5, usijaribu kabisa kuacha bila msaada huo ukiweza kuupata.

Sasa, mbele ya kila sigara andika kitakachochukua nafasi yake. Kiwe kitu cha saa ileile na mahali palepale, kisichohitaji maandalizi. Anayevuta na kahawa ya asubuhi abadilishe mahali pa kunywea, au ahamie kwenye chai kwa mwezi mmoja. Anayevuta baada ya kula ainuke mara tu anaponawa, apige mswaki. Ladha ya dawa ya meno na moshi hazipatani. Dereva na kondakta waweke karanga au mbegu za maboga karibu na mkono, kwani kumenya mbegu kunashughulisha vidole na mdomo kwa pamoja. Mlinzi wa usiku apange kuzunguka lindo kila ifikapo saa aliyokuwa anawashia. Kwa kijiwe cha bao au drafti, badilisha upande unaokaa, uwe mbali na wavutaji na upepo usikuletee moshi. Wengine hushika tasbihi au rozari, na nimeona inasaidia sana jioni, wakati ambapo vidole ndivyo vinavyosumbua zaidi.

Sigara ya chooni watu huona haya kuitaja, lakini ipo. Nikotini huchochea utumbo, na wengi wamezoea haja ya asubuhi ije na sigara. Wakiacha wanafunga choo, tumbo linajaa, wanaamini mwili "umekataa" kuacha. Mwili haujakataa. Glasi mbili za maji ya uvuguvugu ukiamka, papai, mboga za majani na kutembea kidogo vitarekebisha hilo baada ya siku kadhaa.

Mwisho wa wiki piga hesabu ya fedha. Chukua bei ya sigara moja dukani kwenu, zidisha kwa idadi unayovuta kwa siku, kisha kwa 365. Kama moja ni shilingi 200 na unavuta 10, hiyo ni shilingi 2,000 kwa siku na 730,000 kwa mwaka. Tunaonunua moja moja ndio tusioona hesabu hii, kwa sababu hatutoi fedha nyingi kwa mara moja. Tafuta kibubu, na kuanzia siku ya kuacha tumbukiza kiasi hicho kila jioni. Usikiache kichwani.

HATUA YA 2: Chagua siku

Siku iwe ndani ya wiki 2 zijazo. Ukisogeza mbali zaidi utaisahau au utaikimbia. Epuka wiki yenye harusi ya ndugu, mwisho wa mwezi wenye hesabu za ofisi, au Januari ya ada za shule kama ndiyo inayokunyima usingizi. Lakini usisubiri kipindi kisicho na shida, kwa maana hakitakuja.

Kwa Waislamu, Ramadhani ni nafasi ambayo sijui kwa nini haitumiki zaidi. Mvutaji wa pakiti nzima kwa siku, anayeapa kwamba hawezi kukaa saa 2 bila sigara, anafunga saa zaidi ya 13 kwa mwezi mzima, anafanya kazi, anasali, anaongea na watu. Mwili wake umeshaonyesha kwamba unaweza. Tatizo ni baada ya adhana ya magharibi: wengi hufungua kwa tende na maji, kisha sigara kabla hata ya uji. Anayetaka kuacha katika mwezi huo ana kipande kidogo tu cha kulinda, kuanzia futari hadi daku. Kula futari ukiwa na watoto au na mtu asiyevuta, toka naye moja kwa moja kwenda tarawehe, na ukirudi ulale mapema ili daku ikukute. Wakristo nao wanaweza kuitumia Kwaresima kwa namna hiyo, hasa wakitamka nadhiri yao mbele ya mtu.

Je, uache ghafla au upunguze polepole? Kuna utafiti wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2016, wenye watu karibu 700, wote wakipewa dawa za nikotini na ushauri. Nusu waliacha siku moja kwa mara moja, nusu walipunguza kwa wiki 2 kwanza. Baada ya wiki 4, asilimia 49 ya walioacha ghafla walikuwa bado hawajavuta, dhidi ya asilimia 39 ya waliopunguza. Mimi nakushauri uache ghafla. Anayepunguza hujikuta anazisubiri kwa hamu zile chache zilizobaki, na anazivuta kwa nguvu na kwa kina hadi kwenye kichungi. Ukiona kabisa huwezi, punguza, ila kwa tarehe: wiki ya kwanza nusu, ya pili robo, kisha sifuri. Kupunguza kusiko na tarehe ya mwisho ni kuendelea kuvuta.

Na usihamie kwingine. Sigara zinazoitwa nyepesi haziponyi. Mtu huvuta pafu refu zaidi kufidia. Ugoro na kuberi, ile tumbaku ya kuweka mdomoni, vina nikotini hiyohiyo na huleta saratani ya kinywa. Shisha ni mbaya kuliko wengi wanavyodhani: Shirika la Afya Duniani linasema anayekaa saa moja kwenye shisha anaweza kuvuta moshi wenye ujazo mara 100 hadi 200 ya ule wa sigara moja. Tanzania iliipiga marufuku mwaka 2016 na Kenya mwaka 2017.

HATUA YA 3: Amua kuhusu dawa

Hapa ndipo watu wetu wengi huruka, kwa kuona kwamba kutumia dawa ni udhaifu. Tazama takwimu. Kati ya watu 100 wanaojaribu kuacha kwa nguvu zao tu, wanaofikisha miezi 6 hadi mwaka ni 3 hadi 5. Dawa za nikotini huongeza uwezekano wa kufanikiwa kwa nusu nzima na zaidi. Tangu mwaka 2009 zimo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Zinakupa nikotini kidogo kidogo bila moshi. Ni moshi wenye lami, kaboni monoksidi na kemikali zaidi ya 70 zinazoleta saratani.

Ziko za aina mbili unazoweza kuzipata kwa urahisi kidogo. Si kila famasi wanazo. Uliza famasi kubwa za mjini au zile za karibu na hospitali za rufaa, na kama hakuna waombe wakuagizie kabla ya siku yako.

Bandiko la ngozini. Anayevuta zaidi ya sigara 10 kwa siku kwa kawaida huanza na la miligramu 21 kwa wiki 6, kisha 14 kwa wiki 2, kisha 7 kwa wiki 2. Anayevuta 10 au pungufu huanza na 14. Unalibandika asubuhi juu ya mkono, kifuani au mgongoni, mahali pakavu pasipo na nywele, na kesho yake unahamia mahali pengine ili ngozi isiwashe. Likikuletea ndoto kali, litoe kabla ya kulala.

Bigijii ya nikotini. Kuna ya miligramu 2 na ya 4. Anayewasha ndani ya nusu saa baada ya kuamka atumie ya 4. Usiitafune kama bigijii ya kawaida. Itafune polepole mpaka usikie ukali kama wa pilipili, kisha iache kati ya fizi na shavu mpaka ukali upoe, halafu utafune tena. Moja huchukua nusu saa. Ukiitafuna mfululizo utameza nikotini, utapata kwikwi na kiungulia, na utasema dawa haifai. Usinywe kahawa, soda wala juisi dakika 15 kabla yake, kwa sababu uchachu huzuia nikotini kupita kwenye shavu.

Mvutaji mzito anaweza kutumia bandiko kila siku na bigijii pale hamu inapopanda. Vidonge vya bupropioni na varenikilini navyo husaidia, lakini hivyo ni vya kuandikiwa na daktari. Bupropioni haimfai mwenye kifafa.

Ongea na daktari kwanza kama una ujauzito, kama umepata shambulio la moyo hivi karibuni, au kama una dawa unazotumia kila siku. Kuna jambo ambalo wagonjwa wengi hawaambiwi: moshi wa sigara hulifanya ini livunje baadhi ya dawa haraka. Ukiacha, dozi ileile inaweza kuwa kubwa mno. Hii inahusu aminofilini ya pumu na baadhi ya dawa za magonjwa ya akili kama klozapini na olanzapini. Mwenye kisukari apime sukari mara nyingi zaidi wiki za mwanzo. Kahawa nayo iko kwenye kundi hilo: mvutaji huivunja haraka, kwa hiyo vikombe vyako 4 vya kila siku vitakuwa na nguvu kubwa kuliko ulivyozoea. Moyo kwenda mbio, mikono kutetemeka na kukosa usingizi unavyodhani ni arosto vinaweza kuwa ni kahawa. Ipunguze kwa nusu tangu siku ya kwanza.

HATUA YA 4: Jioni ya mwisho

Toa kila kitu. Kisahani cha majivu, kibiriti cha gesi, pakiti ya akiba juu ya kabati, ile sigara moja kwenye koti la mvua. Ya akiba ndiyo hatari zaidi, kwa hiyo usijidanganye kwamba unaiweka kwa ajili ya mgeni. Zivunje na uzilowanishe, maana sigara nzima kwenye pipa la taka hufuatwa usiku. Fua koti, pazia na shuka. Safisha viti vya gari. Baada ya siku chache pua yako itaamka, na harufu iliyobaki kwenye kitambaa inaweza kukuita.

Kisha waambie watu. Mwenzi wako aambiwe mambo mawili: kwamba kwa wiki 2 utakuwa mkali kwa sababu ndogo, na kwamba asikuchunguze mdomo kila unaporudi. Kinachokusaidia ni mtu wa kusema "leo siku ya ngapi?" na kufurahi. Waambie watoto, mtoto hasahau ahadi.

Wa muhimu kuliko wote, kwa maoni yangu, ni mwenye duka. Nenda umwambie waziwazi: "Mangi, kuanzia kesho nimeacha sigara. Nikija kuulizia, usiniuzie, na usinikopeshe." Wengi watakuheshimu kwa hilo. Na ukijua kwamba ukitaka moja utalazimika kutembea hadi duka la mbali, na njiani una dakika tano za kufikiri, mara nyingi utageuka.

Kijiweni usieleze sana. Ukinyooshewa pakiti, sema "Asante kaka, nimeacha," na ubadilishe mazungumzo. Akiwa ni mtu mzima aliyekuzidi umri, "Samahani mzee wangu, nimeacha, kifua" inatosha. Usiseme "najaribu kuacha", maana hapo unamfungulia mlango wa kukubembeleza.

Kwa walioko maeneo ya tumbaku, Urambo, Kaliua, Chunya, ambako zao hilo ndilo linalolipa ada na harufu ya mabani, yaani mabanda ya kukaushia tumbaku, iko kila mahali msimu wa kukausha, jambo hili ni gumu zaidi, na mtu asikudharau kwa hilo. Kama unaweza, anza nje ya msimu. Kama huwezi, jifunge kitambaa puani ukiwa kwenye bani, na usikubali kusokota jani la kuonja ubora kwa kulivuta.

HATUA YA 5: Siku 3 za kwanza

Hizi ndizo ngumu kuliko zote, na ni vizuri kujua zitakavyokuwa.

Ndani ya dakika 20 tangu sigara ya mwisho mapigo ya moyo yanaanza kushuka. Ndani ya siku moja kaboni monoksidi kwenye damu inarudi kiwango cha kawaida, na damu inabeba hewa vizuri. Hutasikia uzuri huo. Utakachosikia ni hasira, kichwa kuuma, njaa, kushindwa kukaa mahali pamoja, na usingizi wa kukatika. Kilele chake ni siku ya 2 na ya 3, kisha inashuka.

Hamu huja kwa mawimbi. Kila wimbi hukaa dakika 3 hadi 5, mara chache hufika 10, kisha huondoka hata kama hukuvuta. Hilo la mwisho ndilo la kukariri. Mvutaji wa miaka mingi hajawahi kuona hamu ikiondoka yenyewe, kwa sababu kila ilipokuja aliizima kwa moshi. Kwa hiyo wimbi likija angalia saa. Kunywa glasi ya maji polepole. Vuta hewa kwa pua hadi tumbo lijae, itoe kwa mdomo taratibu, rudia mara kumi. Sehemu ya utulivu wa sigara ulikuwa ni kupumua kwa kina tu. Ondoka ulipokaa. Tafuna muwa, karoti, kipande cha tangawizi. Ukiangalia saa tena, dakika zitakuwa zimepita.

Usinywe pombe siku hizi. Kwa mtu aliyezoea bia na fegi pamoja, chupa ya kwanza huleta hamu na ya pili huondoa ubishi. Mwezi mmoja bila baa ni kiwango ninachokishauri, na kama unaogopa kupoteza marafiki, waalike nyumbani mchana.

HATUA YA 6: Hadi mwezi wa 3

Mambo matatu huwatisha watu kipindi hiki.

La kwanza ni kukohoa zaidi kuliko wakati unavuta. Ndani ya njia ya hewa kuna vinyweleo vidogo sana vinavyosukuma makohozi juu, na moshi ulikuwa umevilaza. Sasa vinaamka na kuanza usafi. Makohozi ya rangi ya majivu au kahawia kwa wiki chache ni ya kawaida. Kunywa maji mengi.

La pili ni uzito. Kwa wastani mtu huongezeka kilo 4 hadi 5 mwaka wa kwanza, kwa sababu chakula kinarudisha ladha na mdomo unatafuta kazi. Usianze kujinyima chakula mwezi uleule unaoacha sigara. Vita viwili kwa pamoja vimewarudisha wengi. Badilisha tu unachotafuna: tango na matunda badala ya maandazi na soda, na tembea nusu saa jioni. Kutembea kwenyewe kunapunguza hamu.

La tatu ni huzuni. Wapo wanaojisikia kama wamefiwa na rafiki. Kwa wengi hupita ndani ya mwezi. Ikizidi wiki 2 mfululizo bila nafuu, au ukianza kuwaza kujidhuru, nenda hospitali siku hiyohiyo na useme wazi kwamba umeacha sigara. Walioko Kenya wanaweza kupiga 1192, namba ya bure ya NACADA, mamlaka ya nchi hiyo ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, kuongea na mshauri.

HATUA YA 7: Misiba, safari, na ile "moja tu"

Baada ya miezi kadhaa hamu huwa nadra, na hapo ulinzi hulegea. Anayerudi mwezi wa 5 mara nyingi harudi kwa sababu ya mwili. Anarudi usiku wa msiba, wanaume wamekaa nje kwenye maturubai, baridi, kahawa inapita, na pakiti inapita pamoja nayo. Au kituo cha basi saa nane usiku safarini. Au siku aliyogombana na bosi. Panga mapema: ukipata taarifa ya msiba, beba bigijii au njugu mfukoni, na ukifika omba kazi, kupanga viti, kuchota maji, kuhesabu michango, ili usikae tu.

Wazo la "moja tu, nimeshaacha, nijionjeshe" lichukulie kama dalili ya ugonjwa. Ubongo uliovuta miaka 20 haujasahau. Pafu chache huamsha njia ileile. Lakini ikitokea umevuta, usiseme basi nimeharibu, acha nimalize pakiti. Tupa iliyobaki saa hiyohiyo, rudi kwenye mbadala wako, na andika kama ulivyoandika wiki ya kwanza: saa ngapi, wapi, na nani, hamu ngapi. Watu wengi walioacha kabisa walijaribu mara kadhaa kabla. Kila kurudi kunakuonyesha sigara moja ambayo hukuipangia.

Mwaka mmoja ukitimia, hatari ya ugonjwa wa mishipa ya moyo inakuwa kama nusu ya ile ya anayeendelea kuvuta. Miaka 10 ikitimia, hatari ya kufa kwa saratani ya mapafu nayo inashuka karibu kwa nusu. Inashuka, haiishi. Kwa hiyo aliyevuta miaka mingi apime shinikizo la damu na sukari kila mwaka, na asipuuze dalili kwa kuwa tu ameacha. Kikohozi kinachofika wiki 2, hata ukidhani ni kile cha kusafisha mapafu, kapime kifua kikuu. Uvutaji huongeza hatari yake, na katika vituo vya serikali kipimo na dawa ni bure. Makohozi yenye damu, sauti iliyokwaruza zaidi ya wiki 3, kupungua uzito bila sababu au kidonda cha kinywani kisichopona usivisubirishe hata wiki moja. Mwambie daktari ulivuta miaka mingapi, ngapi kwa siku, na uliacha lini, maana majibu hayo matatu yataamua vipimo atakavyoagiza.